Karura si uwanja wa mashindano ya baiskeli! Punguzeni mwendo

Wadau, nafungua uzi huu nikiwa na hasira na sitaificha. Nyinyi mnaoingia msitu wa Karura, hapa Nairobi, kwa makundi Jumamosi asubuhi, mkashuka mteremko wa kuelekea mtoni kana kwamba breki zimewakatikia, huu ni wenu.

Wikendi iliyopita mama yangu, mtu wa miaka sabini na kitu, aliishia kichakani. Hakugongwa. Alijitupa mwenyewe kando kwa sababu kelele za kumwamrisha apishe na tairi zenyewe vilimfikia mgongoni kwa wakati mmoja. Hakukuwa na kengele, wala hakuna aliyepunguza mwendo. Wawili wa kwanza walipita bila hata kugeuka. Wa tatu akapita akisema, "Shosho, si ungebaki nyumbani?" Mikono ya mama ilichubuka na hadi leo goti linamsumbua.

Abaki nyumbani! Kijana, unajua unamwambia nani, na mahali gani? Msitu huo ulitangazwa hifadhi mwaka 1932, lakini miaka ya 1990 ulikatwa vipande wakagawiwa watu wa kujenga majumba. Waliosimama kuukomboa ni wanawake wa kizazi cha mama yangu. Tarehe 8 Januari 1999 mwanaharakati wa mazingira Wangari Maathai alikwenda pale na wenzake kupanda mti, mti tu, wakavamiwa na vijana wa kukodiwa hadi akapasuliwa kichwa. Wanafunzi wa vyuo vikuu wakaingia barabarani. Agosti mwaka huohuo Rais Moi akatangaza kusimamisha ugawaji wa ardhi ya umma. Hiyo njia unayojipima nayo mbio ingekuwa leo ni ukuta wa mtu, na geti, na mbwa mkali.

Na hata baada ya hapo watu waliendelea kuuogopa. Wakazi wa zamani wa Nairobi wanakumbuka: Karura ilikuwa ya majambazi, na mtu mwenye akili hakukatiza humo peke yake. Ni mpaka ulipowekwa ua wa umeme na askari wa doria ndipo akina mama wakaanza kutembea humo bila hofu, kwenda kwenye maporomoko na kwenye mapango waliyojificha wapiganaji wa Mau Mau. Sasa mama yangu anaogopa tena, safari hii anamwogopa mtu aliyevaa kofia ya baiskeli.

Njia ya pamoja ina adabu yake, wala si mimi niliyeitunga. Popote ambapo watembea kwa miguu, baiskeli na farasi hutumia njia moja, kanuni iliyozoeleka ni kwamba mwenye baiskeli huwapisha wote, na mtembeaji humpisha farasi. Sababu yake ni wazi: mwenye kasi ndiye mwenye uwezo wa kuumiza, kwa hiyo ndiye abebe mzigo wa kujizuia. Farasi akishtuliwa kwa nyuma hurusha teke au hutoka mbio. Mama yangu hana teke la kurusha. Ndiyo maana mnaona mnaweza kumfanyia mtakavyo?

Msiniambie "tulipiga kelele." Kelele haimpi mtu nafasi ya kugeuka. Mzee anahitaji kusikia, kutambua sauti inatoka wapi, kisha kusogeza miguu ambayo haina haraka tena. Kama kwa mwendo wako huwezi kusimama ndani ya umbali unaouona mbele, basi kona hiyo umeiingia vibaya, nokta.

Halafu kuna udongo, jambo ambalo hamlizungumzii kabisa. Ule udongo mwekundu ukilowa wakati wa masika huwa laini kabisa. Mnapofunga breki za ghafla kwenye mteremko, tairi linachimba mfereji, maji ya mvua yanafuata mfereji huohuo, na wiki chache baadaye mizizi iko nje. Mkikuta dimbwi mnazunguka kando, njia inapanuka, miche inakanyagwa. Miche ambayo watu walijitolea kuipanda!

Najua watakuja wa kuniambia watembeaji nao wana makosa. Ndiyo, wapo wanaotembea watano sambamba wakiwa na vipokea sauti masikioni, na wapo wanaofungua mbwa kamba. Waacheni nao waambiwe, tena kwa ukali. Ila kati ya hao hakuna aliyemtupa mama yangu kichakani.

Sitaki baiskeli zipigwe marufuku. Watoto wa dada yangu walijifunza kuendesha humohumo Karura na nataka waendelee. Ninachotaka ni kengele kwenye kila baiskeli, ya kukodi na ya kwako, watu washuke na kusukuma baiskeli kwenye miteremko ya mtoni penye watu wengi, na ile michezo ya programu za simu za kutangaza nani kapita kipande fulani kwa kasi zaidi iachwe nje ya geti. Mkitaka mbio, kuna mashindano yenye barabara iliyofungwa. Jiandikisheni huko.

Kwa kundi la Jumamosi iliyopita, lililopita hapo mteremkoni kabla ya saa tatu asubuhi: najua baadhi yenu mko humu. Jitokezeni mjibu hapahapa, na yule wa "Shosho" aje amwombe mama radhi. Jumamosi hii tutakuwa palepale, mimi na yeye, goti likimruhusu.