Mtoto wa mwaka na miezi mitatu, uani korosho tupu: nimweke wapi msimu huu?

Binti Kitangari (mleta uzi)

Habari za jioni wanajamvi. Niko Kitangari, Newala. Nina mtoto wa kiume wa mwaka mmoja na miezi mitatu. Ametoka kusimama dede, sasa anatembea na hakuna kona ya uani asiyoifika. Korosho ndo zimeanza kuingia. Tunazianika uani kwenye turubai kabla ya kupeleka AMCOS (chama cha ushirika), mabibo, yale matunda ya mkorosho, yamejaa kwenye mabeseni, na jioni mama mkwe huchoma kidogo za kula nyumbani. Naomba ushauri kwa mambo haya:

1. Kila anachookota anapeleka mdomoni. Akitafuna korosho ghafi inakuwaje, na dakika zile za mwanzo nifanye nini?

2. Mama mkwe anataka aanze kulishwa korosho, anasema zinatia nguvu. Umri huu inafaa?

3. Nikiwa nabangua, yeye nimweke wapi? Dada wa kazi sina na baba yake anaondoka alfajiri. Jirani kaniambia nimfunge kanga kiunoni, ncha nyingine kwenye nguzo ya baraza.

Mnaojua nipeni vipimo na hatua. "Uwe makini tu" nimeshaambiwa sana.

Nesi wa Zamu

Dada, nianze na la kwanza maana ndilo lenye haraka.

Shida ya korosho ghafi iko kwenye ganda. Ukilipasua utaona ndani yake kuna vijishimo kama sega la nyuki, na vyote vimejaa mafuta mazito ya rangi ya kahawia. Mafuta hayo yanaunguza ngozi. Mkono wa mtu mzima wenye sugu unavumilia kidogo, ila midomo na ulimi wa mtoto haviwezi. Korosho ambayo haijapasuka akiishika tu haimdhuru sana. Akiing'ata hadi ganda likafunguka, hapo ndipo pana kazi.

Ukimkuta nayo mdomoni, toa vipande unavyoviona kwa kidole kilichoviringishwa kitambaa safi chenye maji. Usichokonoe kooni usikokuona, utakisukuma ndani. Futa midomo, ufizi na ulimi, suuza kitambaa, rudia mara kadhaa. Halafu mpe maji ya kunywa kidogo kidogo. Mashavuni na mikononi anza kupangusa na mafuta ya nazi, maana utomvu ule unayeyuka kwenye mafuta kuliko kwenye maji, kisha osha kwa sabuni ya kuogea na maji mengi. Ukianza na maji matupu unautandaza tu. Yakiingia jichoni usipake kitu chochote: mwagia maji safi taratibu kwa dakika 15 hadi 20, kisha hospitali.

Usimtapishe. Kilichounguza kikishuka kitaunguza tena kikipanda, na kinaweza kuingia kwenye mapafu.

Peleka hospitali bila kusubiri ukiona anadondosha mate mfululizo, anakataa kumeza au kunyonya, midomo au ulimi unavimba, sauti inakwaruza, au anapumua kwa shida. Malengelenge ya ngozi yanaweza kuchelewa hata siku moja au mbili, kwa hiyo usione kimya cha siku ya kwanza ukadhani yamepita. Yakitokea usiyatoboe.

Na mikono yako mwenyewe, dada. Wanawake wanabangua, wanasuuza kwa maji ya haraka, wanamnyonyesha. Mtoto anapata vipele shavuni na watu wanasema joto. Kabla ya kubangua jipake mafuta ya nazi au majivu mikononi. Ukimaliza pangusa kwa mafuta, osha kwa sabuni ya mche hadi chini ya kucha, vua kanga ya kazini, ndipo umbebe.

La korosho za kula nitarudi.

Mchinga Boy

Akimeza mpe tui la nazi bichi atapike, hiyo dawa ya sumu zote. Wazee wetu walitumia hiyo.

Nesi wa Zamu

Mchinga Boy, hapana. Nimeshasema hapo juu kwa nini kutapisha ni hatari. Hata mafuta ya taa ni hivyo hivyo, yanayoua mtoto ni yale yanayopanda na kuingia kwenye mapafu. Nazi iache ya ngozi.

Mkorosho Mkongwe

Mimi niseme upande wa korosho zenyewe. Turubai chini ni kumtandikia mtoto meza. Tengeneza kichanja: miti minne ya kuchimbia, juu fito za mianzi zilizobanana na mkeka au wavu. Kimo kiwe mita 1 na sentimita 20 kutoka chini. Mtoto wa umri huo akinyoosha mkono hafiki mita moja. Usiache kigoda, ndoo wala kinu karibu yake, atapanda.

Na utafaidika kwenye mzani vilevile. Korosho ya kichanjani inapata hewa juu na chini, haishiki mchanga wala unyevu wa ardhi, haiozi. Siku mbili tatu za jua kali zinatosha. Chukua chache mkononi utikise: ikiwa kavu utaisikia punje inagonga ndani. Zikisha kauka jaza gunia, shona mdomo, weka juu ya mbao ndani ya chumba kinachofungwa. Gunia lililofungwa kwa kamba ya kuvuta, mtoto anafungua. Lililoshonwa, hafungui.

Kila jioni fagia uani kabla giza halijaingia. Zile zinazodondoka chini ya kichanja ndizo atakazookota asubuhi.

Kuchoma: moto uwe mbali na nyumba, hatua 20 hivi, na upepo uupeleke moshi kwenye shamba. Mafuta ya ganda yakipata moto yanawaka na kuruka, na moshi wake unakera macho na kifua hata kwa mkubwa. Mtoto awe ndani, upande upepo unakotokea, na mtu mwingine. Kama huna mtu mwingine basi siku hiyo usichome, korosho haziozi kwa siku moja. Ukimaliza lile jivu jeusi na maganda fukia, bado yana mafuta. Na msiyatumie maganda kama kuni kwenye jiko la ndani. Watu wanabana matumizi, mtoto anakohoa mwezi mzima.

Fundi Mbao Masasi

Namba tatu ni yangu. Kwanza kanga kiunoni: acha. Mtoto anazunguka nguzo, kanga inafupika, akianguka inapanda kifuani, kisha shingoni. Na moto ukiruka hana pa kukimbilia.

Tengeneza kizimba. Fundi yeyote wa hapo Newala anakimaliza kwa siku moja. Mpe vipimo hivi:

Ndani, kutoka nguzo hadi nguzo, sentimita 120 kwa 120. Nguzo nne za mbao za inchi 2 kwa 2. Kila upande una mbao ya chini na ya juu, katikati fito za kusimama 12, kila moja upana sentimita 4. Hapo nafasi kati ya fito inabaki sentimita 5 na nusu. Isizidi 6, maana kiwiliwili kikipenya na kichwa kikabaki, mtoto ananing'inia. Isiwe kubwa wala usimwachie fundi akadirie kwa macho. Fito zote ni 48, kata sentimita 70 kila moja.

Usikubali mbao ya kulala katikati. Mafundi wanapenda kuiweka wanasema inaimarisha. Ni ngazi hiyo, mtoto ataweka mguu.

Misumari ipigwe kutoka nje kwenda ndani? Hapana, kinyume chake: kichwa kibaki ndani, ncha itoke nje, ikunjwe na kupigwa ilale kabisa kwenye mbao. Piga msasa hadi upitishe kitambaa cha kanga bila kunasa. Rangi usipake, ataitafuna. Mlango usiweke, unamnyanyua na kumtoa kwa juu.

Kikae kivulini barazani, unapoonana naye macho kwa macho, mbali na pale unapobangua hatua sita saba, maana ganda likigongwa linarusha. Ndani weka mkeka, sufuria, kijiko cha mbao, vifuniko vikubwa. Usiweke ndoo wala mto wa kupandia. Kizimba ni cha nusu saa hadi dakika 40, baada ya hapo atalia na ana haki. Siku utakayomwona ameweka mguu juu ya mbao ya juu, kifunge hicho, weka kuku.

Shangazi wa Nanyamba

Mmeyasahau mabibo, na ndiyo yatakayomvuta kuliko korosho zenyewe, yana rangi na yananukia.

Bibo si baya kwa mtoto. Litenganishe na korosho yake kwa kuizungusha, kata kichwa cha bibo pale korosho ilipokuwa imeshika, unene wa kidole, utupe, kwa sababu pale utomvu hubaki. Osha. Usimpe zima, lina nyuzi na linakaba koo. Kamua umpe juisi vijiko vichache, au umenye vipande vyembamba. Juisi ni ya saa ile ile uliyoikamua. Kwa joto letu ya asubuhi ikifika jioni siyo juisi tena, ni uraka (pombe ya mabibo) unaoanza, na sijui ni nani alianzisha huu utani wa kumwonjesha mtoto eti alale. Msifanye.

Nguo mvalishe zile za kutupa. Doa la bibo halitoki, usipoteze sabuni.

Pia salfa, ile dawa ya unga ya kupulizia mikorosho. Upuliziaji umeisha lakini mifuko iliyobaki imo uvunguni mwa vitanda vya watu. Ule unga wa njano mtoto anauona mchanga mzuri wa kuchezea, nao unawasha macho na kifua. Utoe nje ya chumba cha kulala. Na dawa za maji za mikorosho zibaki kwenye chupa yake yenye lebo, juu, panapofungwa. Dawa kwenye chupa ya soda ni mwaliko wa msiba. Ikitokea amekunywa, beba ile chupa mwende nayo hospitali.

Binti Kitangari

Asanteni sana, nimeshatuma vipimo kwa fundi. Fundi Mbao, tuna kisima cha kuvunia maji ya mvua uani, mdomo wake uko sawa na ardhi na umefunikwa bati lenye jiwe juu. Inatosha? Na Nesi, bado ninakudai la korosho za kula, mama mkwe yupo hapa pembeni anasikiliza.

Fundi Mbao Masasi

Haitoshi. Bati lina kutu pembeni, siku atakayolikanyaga litalala. Na jiwe unalitoa wewe ukichota, halafu unaitwa jikoni.

Ujengee mdomo wa kisima kwa tofali na saruji, uinuke sentimita 60 juu ya ardhi, nje upigwe lipu laini asipate pa kukanyaga. Juu fremu ya mbao yenye bawaba upande mmoja, ipigiwe bati jipya geji 28, upande wa pili komeo na kufuli. Ufunguo uning'inie ndani ya nyumba. Ndoo ya kuchotea isiachwe hapo, akiigeuza ni ngazi.

Ndani ya nyumba nako: mtoto wa umri huu kichwa ni kizito kuliko miguu, akiinamia ndoo anaingia kichwa na hawezi kujitoa. Maji ya kina cha sentimita 5 yanatosha kumzamisha. Ndoo zote ziwe na vifuniko vya kubana, beseni la kufulia limwagwe papo hapo. Najua maji huku juu ni ya kununua. Mimina kwenye dumu, utafulia kesho.

Nesi wa Zamu

Shikamoo mama mkwe. Korosho anaweza kula, ila si punje. Punje nzima au iliyovunjwa vipande asipewe hadi atimize miaka mitano, kwa kuwa meno ya kusaga hayajakamilika na punje inapita njia ya hewa.

Chukua korosho zilizochomwa, toa ganda na ile ngozi nyembamba ya ndani. Punje yenye madoa meusi weka pembeni, ni mafuta ya ganda. Twanga, chekecha, rudia kutwanga hadi iwe laini kabisa. Mara ya kwanza changanya robo kijiko cha chai kwenye uji mwepesi. Usimlambishe kwenye kijiko ikiwa nzito, inaganda kooni. Mpe asubuhi, siku ambayo zahanati iko wazi na mtoto hana mafua wala homa, na siku hiyo usimwanzishie chakula kingine kipya. Mwangalie kwa saa mbili. Vipele vya kuvimba, midomo kuvimba, kutapika, kukohoa au kukoroma kifuani maana yake mwili wake umeikataa: hospitali papo hapo, wala usisubiri vipungue. Kama yuko sawa, ongeza taratibu siku zinazofuata hadi vijiko viwili vya chai kwa bakuli. Mtoto mwenye pumu ya ngozi kali, au aliyewahi kuvimba kwa yai au karanga, asianzishiwe nyumbani, mwone daktari kwanza.

Akikabwa: kama anakohoa kwa nguvu mwache akohoe. Kama hatoi sauti, mwinamishe kifudifudi juu ya paja lako, kichwa chini, mpige makofi matano katikati ya mabega kwa kiganja. Haikutoka, simama au piga magoti nyuma yake, ngumi juu ya kitovu chini ya mbavu, vuta ndani na juu mara tano. Badilisha hivyo hivyo hadi itoke au alegee. Akilegea mlaze chali, anza kumkandamiza kifua huku mtu anatafuta pikipiki. Na kama ilitoka lakini kesho yake bado anakohoa au kifua kinapiga filimbi upande mmoja, rudi hospitali uwaambie alikabwa na korosho, lisiachwe hilo. Wakidhani ni mafua watakupa dawa ya kikohozi na kipande kitabaki kule ndani.

Binti Kitangari

Mama mkwe anauliza, kinu kile kile anachotwangia kisamvu kinafaa?

Nesi wa Zamu

Kinafaa, kioshwe na kikauke. Asitumie kile wanachobangulia korosho.