Mwanangu ananyanyaswa bwenini, naomba ushauri

Wakuu, habari za jioni. Niko Uyole, Mbeya. Kijana wangu yuko kidato cha kwanza, bweni, huko Iringa. Likizo hii karudi bila sweta, na baridi ya Juni huku kwetu mnaijua. Nilipombana akasema kaka zake wa kidato cha tatu wamelichukua, na kila alfajiri anawachotea maji ya kuoga. Alikuwa mcheshi huyu. Sasa mlango ukigongwa tu anashtuka.

Mwalimu wa malezi kanijibu kwenye simu, "atazoea mama." Azoee nini?

Namba 116 ya kusaidia watoto ni bure, aliyewahi kuipiga walimsaidiaje? Au nianze na barua kwa mkuu wa shule? Kumhamisha naogopa, ada nimeshalipa. Wanafungua Jumatatu.