St. Thomas na familia: Magens Bay, Coki, au tuvuke hadi St. John?

MamaZai_Houston
Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za saa hizi. Mwezi wa pili tunapanda meli ya kitalii kutoka Florida, na kituo kimoja ni St. Thomas, Visiwa vya Virgin vya Marekani. Tunafunga gati Havensight saa mbili asubuhi, meli inang'oa nanga saa kumi na moja jioni. Tuko sita: mimi na baba yao, watoto watatu (12, 7 na 3), na mama mkwe aliyekuja kututembelea kutoka Tanga. Mkubwa anaogelea vizuri, wa kati anajifunza, mdogo ukigeuza shingo tu keshakimbia. Bibi yao haogelei. Anataka kivuli, kiti, choo kisafi, na asikae katikati ya walevi.

Nimebakiza pa kuchagua patatu: Magens Bay, Coki Beach, au tuvuke kwa boti hadi Trunk Bay, kwenye kisiwa jirani cha St. John. Mliokwenda na watoto nipeni ukweli, picha za Instagram nimeshaziona zote.

Mzee wa Gati
Marahaba mama. Nenda Magens, usijisumbue. Ni ghuba iliyoingia ndani, ufukwe una urefu wa zaidi ya kilomita moja, na mchanga unateremka polepole sana. Huyo wa miaka 7 ataenda mbali kidogo na maji bado yako kifuani. Kuna waokoaji, vyoo, bomba za kujisuuza, mkahawa na viti vya kukodi. Hoteli hakuna hata moja mchangani, maana mwenye ardhi, Arthur Fairchild, aliutoa ufukwe huo kwa wananchi mwaka 1946. Mnalipa kiingilio mlangoni.

Meli zikiwa nyingi bandarini watu hurundikana mbele ya mkahawa, kwa sababu teksi zinawashusha hapo na wengi hawana haja ya kutembea. Nyie tembeeni dakika tano pembeni, mtapata kivuli cha miti na nafasi ya kutandika mkeka wa bibi.

BintiLamu_DMV
Mzee wangu, kwa mdogo na bibi sikupingi. Lakini huyo wa miaka 12 Magens atachoka kabla ya saa tano! Pale ni mchanga na maji, samaki wa kutazama ni wachache. Coki unaingia maji ya magoti tu samaki wanakuzunguka, wenye milia ya njano na nyeusi, na ukivaa miwani ya kupigia mbizi unayaona matumbawe hatua chache kutoka ufukweni. Mlango wa pili ni Coral World, wana kasa na mnara ulioshuka hadi chini ya bahari. Unateremka ngazi na kuwatazama samaki dirishani bila kulowa. Bibi angependa hiyo, nakwambia.

Ubaya wa Coki: ni padogo, viti vimebanana, muziki juu, na wauzaji hawakuachi hata upumue. Hapo bibi atanuna.

Kaka_Minnesota
Trunk Bay ndiyo nzuri kuliko zote, huo ndio ukweli. Iko ndani ya hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1956, na chini ya maji kuna njia ya waogeleaji yenye vibao vya kueleza matumbawe. Lakini piga hesabu, dada. Teksi kutoka Havensight hadi Red Hook, kunakopandwa boti, karibu nusu saa, kama hakuna foleni. Boti hadi Cruz Bay, gati la St. John, dakika ishirini, na kabla yake unaingoja. Halafu teksi nyingine ya kupanda na kushuka vilima. Ukijumlisha kungojangoja ni saa moja na nusu kwenda, na hivyo hivyo kurudi, huku umebeba mtoto wa miaka mitatu aliyelowa na mwenye usingizi.

Mkiing'ang'ania, nunueni safari inayouzwa na meli yenyewe. Safari yao ikichelewa, meli inawasubiri. Mkienda kivyenu mkachelewa, mtaipungia mkono.

MamaZai_Houston
Basi St. John nimeifuta. Bado usafiri: nikodi gari, au teksi zinaaminika?

Mzee wa Gati
Teksi. Kule wanaendesha kushoto kama kwetu, ila magari yenyewe usukani uko kushoto pia, na barabara ya Magens inapanda mlima kwa kona kali. Mwachie mwenyeji. Nyingi ni malori yaliyofungwa mabenchi na kuachwa wazi pembeni, kama chai maharagwe ya zamani. Nauli ni kwa kichwa wala si kwa gari, kwa hiyo ulizeni kabla hamjapanda, na jueni dereva atasubiri mabenchi yajae. Bibi akae benchi la mbele.

Kingine: saa. St. Thomas hawabadilishi saa, kwa hiyo mwezi wa pili wako mbele ya Florida kwa saa moja. Meli nyingine hubadilisha saa zao, nyingine hubaki na za Florida. Simu yako itafuata mnara wa kisiwani. Vaa saa ya mkono, iweke sawa na saa ya meli kabla hujashuka, na uondoke ufukweni saa nane na nusu ya meli.

Nesi_Ohio
Mama Zai, kagua losheni ya jua unayobeba. Tangu 2020 visiwa hivyo vimepiga marufuku zenye kemikali za oxybenzone, octinoxate na octocrylene kwa sababu ya matumbawe, na nyingi za madukani huku zina mojawapo. Soma nyuma ya chupa, tafuta ya zinc oxide. Pia kuna mti unaitwa manchineel, una vitunda vya kijani kama tofaa dogo. Utomvu wake unababua ngozi, na tunda lenyewe ni sumu. Mtoto wa miaka mitatu huokota kila kitu. Mvua ikinyesha msijikinge chini ya mti msioujua.

BintiLamu_DMV
Na mwambie bibi asiulize bamvua, lol. Kupwa na kujaa kwa kule hakufiki hata nusu mita. Mkitandika mkeka saa tatu, saa nane bahari iko pale pale.

Mdau_Toronto
Kuhusu bibi: mkirudi Florida anaingia Marekani upya. Hakikisheni viza yake ni ya kuingia mara nyingi na haijaisha, na iulizeni kampuni ya meli kuhusu kila kisiwa mtakachotia nanga. Fanyeni hivyo kabla ya kulipa.

MamaZai_Houston
Asanteni sana. Viza yake ni ya mara nyingi, kampuni nitaipigia kesho. Baba Zai sasa anataka tugawane: yeye na mkubwa waende Coki, sisi Magens.

Mzee wa Gati
Gawaneni, ila msipange kufuatana ufukweni, mtamaliza siku kwenye teksi. Kutaneni Havensight saa tisa na nusu ya meli. Na kila kundi libebe kadi zake za meli, zisibaki zote kwenye mkoba wa baba.

Kaka_Minnesota
Na pesa taslimu za noti ndogo. Dereva wa benchi hana chenji ya mia.