Mjadala: Kampuni changa za teknolojia zisamehewe usajili wa taarifa binafsi kwa miaka 2?

Mwenyekiti wa mjadala
Mbukwenyi wote. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Anayekusanya au kuchakata taarifa za watu anatakiwa ajisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ambayo makao yake yapo hapa hapa Dodoma. Wapo wanaosema vijana wanaoanza waachwe miaka 2 kwanza wapumue.

Tushike mfano mmoja tusitawanyike: programu ya simu inayowakutanisha wakulima wa zabibu wa Hombolo na Makutupora na wanunuzi. Inachukua jina, namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa), namba ya simu, mahali shamba lilipo na kiasi kilichouzwa. Karibuni.

Mhasibu wa Kizota
Mimi naunga mkono msamaha. Vijana wawili wametoka UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, na kompyuta mpakato mbili. Kabla hawajauza hata kreti moja wana BRELA kwa usajili wa biashara, TIN ya mlipakodi, leseni ya biashara, halafu Tume, halafu wateue afisa wa ulinzi wa taarifa. Kila dirisha linataka mtu wa kulifuatilia, na hao hao wawili ndio waandika programu.

Kinachoziua kampuni hizi mapema ni ukata, faini ni habari ya baadaye. Tuseme wamekua, wamevuka kizingiti cha VAT (kodi ya ongezeko la thamani) cha mauzo ya milioni 200 kwa mwaka, wamepata kazi ya milioni 50 kwa mteja mkubwa. Ankara ikitoka leo, VAT ya milioni 9 inahesabika leo, na ritani inatakiwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Mteja akilipa baada ya miezi 4, wao walishaikopa hiyo milioni 9 mahali. Na akilipa anakata kodi ya zuio 5 kwa mia. Ongeza na masharti ya Tume juu ya hapo, watafunga.

Wakili Area D
Ndugu Mhasibu, hesabu yako ya VAT ni sahihi, ila umeihamishia kesi isiyo yake. Kusamehewe usajili si kusamehewe kosa. Sheria hiyo hiyo, kwa kutoa taarifa za watu isivyo halali, inampa mtu binafsi faini ya kuanzia shilingi 100,000 hadi milioni 20, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote. Kampuni ni kuanzia milioni 1 hadi bilioni 5. Mkisamehewe fomu mtadhani mmesamehewe na haya.

Kuna jambo jingine. Wengi wanaanza na jina la biashara kwa sababu ni rahisi. Jina la biashara halina mwili wake kisheria kama kampuni. Deni la biashara ni deni lako, hadi kiwanja cha Nala kinaingia. Programu inayoshika taarifa za watu isiendeshwe kwa jina la biashara, nasema bila kupindisha.

Halafu polisi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inawapa uwezo wa kudai taarifa zilizomo kwenye mifumo yako. Desemba 2016 Maxence Melo wa Jamii Forums, jukwaa la majadiliano mtandaoni, alikamatwa na kushtakiwa katika mvutano wa aina hiyo, baada ya kukataa kutoa taarifa za watumiaji. Amueni mapema nani anapokea barua, nani anaisoma na wakili, nini kinatolewa. Msiamue siku askari wamesimama mapokezi.

Seva Baridi
Mnajadili fomu, taarifa zinavujia kwingine kabisa. Nawapa sehemu zenyewe.

Ufunguo wa kanzidata, yaani ghala la taarifa, umeandikwa ndani ya msimbo wa programu, msimbo umepandishwa GitHub, tovuti ya kuhifadhi misimbo. Kuufuta kwenye faili hakusaidii, unabaki kwenye historia. Toa ufunguo mpya, zima wa zamani, siku hiyo hiyo.

Nakala ya majaribio. Mtu amechukua taarifa halisi za wakulima 3,000 akaziweka kwenye seva ya majaribio isiyo na nywila, kwa sababu "ni ya kujaribia tu". Kwa majaribio tumieni majina ya kubuni.

Excel ya wakulima kwenye kundi la WhatsApp. Hapa hakuna teknolojia ya kuwaokoa.

Malipo. Mtoa huduma ya malipo akipokea pesa hutuma ujumbe kwa seva yenu kwamba muamala umekamilika. Seva ikiamini kila ujumbe unaofika, mtu akiijua anwani hiyo atajiandikia mwenyewe kwamba kalipa milioni 2, na zabibu zitapakiwa. Hakikini saini ya ujumbe, kisha ulizeni upya hali ya muamala kwa namba ya kumbukumbu, mlinganishe na kiasi. Ndipo mzigo utoke.

Na jina la tovuti lisajiliwe kwa barua pepe ya kampuni. Likiwa kwenye barua pepe ya fundi, siku mkikosana amewafungia duka.

Mama Ushirika
Wanangu, mbona hakuna aliyeuliza namba ya NIDA inatafuta nini humo? Mkulima aliye kwenye AMCOS, chama cha ushirika, ana namba ya uanachama na katibu anamfahamu. Mnunuzi anataka kujua kilo, aina ya zabibu, siku ya kuvuna na njia ya gari. Zabibu ikishakatwa haingoji mtu aseme tarakimu 20 kwenye simu yenye mwanga hafifu. Nywila ikiibwa inabadilishwa. Namba ya NIDA ya mzee wa Hombolo ikivuja, atabadilisha nini?

Na hiyo pesa ya mnunuzi, mnaishika nyie hadi mzigo ufike?

Mhasibu wa Kizota
Mama, wengi huishika. Kwenye laini ya mmoja wao.

Wakili Area D
Hapo ndipo pabaya kuliko Tume. Kuendesha mfumo wa malipo bila leseni ya Benki Kuu kunagusa Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya 2015. Pesa ipite kwa mtoa huduma mwenye leseni, ikae kwake, nyie mtoe maelekezo tu. Na mkishawishika kuwakopesha wakulima kupitia programu hiyo, kumbukeni Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila kibali.

Seva Baridi
Nakubaliana na Mama. Kisichokusanywa hakivuji.

Mhasibu wa Kizota
Basi nirekebishe hoja yangu. Miaka 2 ni kipimo kibovu, maana programu inaweza kujaza watu 100,000 ndani ya miezi 6. Kipimo kiwe idadi ya watu na aina ya taarifa. Chini ya watu 1,000, bila NIDA, bila afya, bila pesa: fomu ya ukurasa mmoja, bila ada. Ukivuka, unasajiliwa kamili.

Wakili Area D
Hiyo ningeisaini. Ila nani atahesabu hao 1,000, Tume au wenyewe?

Mhasibu wa Kizota
Wenyewe, kwa tamko la kila mwaka. Mbona mauzo wanajitathmini wenyewe kwa TRA, mamlaka ya mapato?

Mama Ushirika
Na TRA huja kukagua, mwanangu. Huku atakuja nani?