Asilimia ya sampuli zenye mafua imepanda ghafla: nitoe tahadhari?

Muulizaji: Wakuu, naandaa ripoti ya wiki ya kituo teule cha ufuatiliaji wa virusi vya mafua. Wiki iliyopita sampuli 40, zenye virusi 6: asilimia 15. Wiki hii sampuli 12, zenye virusi 5: karibu asilimia 42. Je, huu ni mlipuko?

Mchangiaji 1: Usitangaze bado. Wenye virusi wamepungua kutoka 6 hadi 5. Kilichoporomoka ni sampuli. Rudi kwenye rejista uhesabu wagonjwa wote walioonwa, kisha waliokidhi vigezo vya Shirika la Afya Duniani (WHO) vya ugonjwa unaofanana na mafua: homa iliyopimwa ya nyuzi 38 au zaidi, kikohozi, dalili zilizoanza ndani ya siku 10. Kama waliokidhi ni karibu 40 tena, basi huenda mhudumu amechukua sampuli kwa waliozidiwa tu, na hapo asilimia inaweza kupanda bila mafua kuongezeka. Wekeni kanuni isiyoacha nafasi ya kuchagua, mfano wagonjwa wawili wa kwanza waliokidhi vigezo kila siku. Kwenye ripoti andika namba zote, si asilimia peke yake.

Mchangiaji 2: Naongeza upande wa maabara. Sampuli ambayo hata jeni la binadamu (RNase P) halionekani kwenye PCR (kipimo cha kutafuta vinasaba vya virusi) ni batili, maana pengine kijiti hakikugusa ute. Watu huiandika hasi, na hilo linaharibu hesabu kimyakimya. Tumieni kijiti cha plastiki chenye ncha ya poliesta. Cha mbao kinaweza kuzuia PCR. Sampuli ikae nyuzi 2 hadi 8, na kama haitafika maabara ndani ya siku 3, igandishwe kwa nyuzi 70 chini ya sifuri. Friza ya kawaida ya nyuzi 20 chini ya sifuri haifai.

Mchangiaji 3: Kama mnafuatilia na RSV (virusi vingine vya njia ya hewa), kigezo cha homa kitawakosesha watoto wachanga wengi, kwa sababu RSV mara nyingi huwashika bila homa. Walio chini ya miezi 6 waangalieni hata kwa pumzi kukatika.

Jambo moja lisisubiri ripoti ya wiki: mafua A yenye ishara kali kwenye PCR lakini aina yake ndogo (mfano H1 au H3) haitambuliki. Ipelekeni maabara ya taifa siku hiyohiyo. Ikithibitika ni aina mpya kwa binadamu, Kanuni za Afya za Kimataifa za 2005 zinaitaka nchi iiarifu WHO ndani ya saa 24.