Nusu-mwezi wa miaka ya 1930 kwenye kucha fupi: nimekosea wapi?

NuktaMoja aliuliza:

Habari zenu, wapenzi wa kucha. Kwa muda sasa nimekuwa nikitazama picha za zamani za mtindo wa nusu-mwezi, ule uliovuma miaka ya 1930, ambao rangi hupakwa katikati ya ukucha na ule mwezi mweupe wa shinani huachwa mtupu. Kinachonivutia ni kwamba urembo wake hautokani na kuongeza pambo, bali na kuacha sehemu bila kuigusa. Basi nikajaribu mwenyewe: nikachonga ncha zikawa kama lozi, nikapaka rangi nyekundu nzito, nikauacha mwezi mkubwa, na juu ya yote nikapaka rangi ya kung'arisha. Nilipomaliza, mikono yangu ilikuwa kama ya mtu anayesubiri kuitwa jukwaani kuigiza.

Kucha zangu ni fupi, ninachapa kwenye kompyuta siku nzima, na sitaki kuzirefusha kwa kucha za kubandika. Naomba mnisaidie: katika mtindo huu nibaki na kipi, na niache kipi, ili nivae leo bila kuonekana nimejificha ndani ya zama ambazo sikuziishi?

MsasaLaini alijibu:

Dada NuktaMoja, nusu-mwezi wenyewe hauna kosa. Ulichofanya ni kuchukua umbo, rangi, mng'ao na ukubwa wa mwezi vyote kwa pamoja, na vinne hivyo vikikutana huwa si mtindo tena, huwa ni nakala. Mimi huchukua kimoja tu kutoka zamani, vilivyobaki vyote nikaviacha viwe vya leo.

Inafaa kukumbuka kwa nini walipaka vile. Rangi nyingi za kucha za mwanzoni zilikuwa nyepesi, zenye kupitisha nuru. Kampuni ya Revlon ilipoanzishwa mwaka 1932 iliingia sokoni na rangi nzito iliyofunika ukucha kabisa, na ni uzito wa namna hiyo uliofanya mwezi mtupu uonekane wazi kama umekatwa kwa mkasi. Kwa hiyo nguvu ya mtindo ule ilikuwa katika tofauti kali kati ya palipopakwa na pasipopakwa. Ukitaka kuupoza, punguza tofauti hiyo. Paka ukucha wote rangi nyepesi inayokaribiana na ngozi yako, iwe kahawia ya maziwa, waridi iliyofifia au rangi ya mchanga, kisha fuata ukingo wa mwezi kwa mstari mmoja mwembamba wa rangi iliyokolea. Umbo ni lile lile la zamani, ila sasa limechorwa badala ya kujazwa.

Na urudishe ncha ziwe za mviringo wa kawaida. Lozi huhitaji urefu; kwenye ukucha mfupi huishia kuwa pembe.

WekunduDaima alijibu:

Naheshimu maoni ya MsasaLaini, lakini ushauri wake ukifuatwa wote nusu-mwezi hautaonekana mpaka mtu aushike mkono wako na kuusogeza dirishani. Kupunguza mapambo hakumaanishi kufifisha kila kitu. Mimi ningebaki na wekundu, tena ule mzito, halafu ningeondoa mng'ao kwa kumalizia na rangi ya juu isiyong'aa, na mwezi ningeufanya uwe mdogo sana, kama ukingo wa kucha ya mtoto. Wekundu usiong'aa kwenye ukucha mfupi hauwezi kudhaniwa ni wa mwaka 1935.

Jambo moja ambalo wengi hulisahau: mwezi wa asili haulingani kwa vidole vyote. Kwenye dole gumba huwa mkubwa, kwenye kidole cha mwisho mara nyingi hauonekani kabisa. Ukifuata mwezi wako wa kweli, vidole kumi vitakuwa na michoro kumi. Chora wa kubuni, na upinde wake uige upinde wa ncha. Ncha ikiwa ya mviringo mpana, mwezi nao uwe mpana.

TabakaMbili alijibu:

Ninyi wawili mnabishania rangi, nami naona swali la dada lina upande wa pili ambao ni wa kazi ya mikono: mtindo huu utakaaje kwa mtu anayechapa siku nzima? Ukucha wa mkono hukua takriban milimita 3 kwa mwezi. Rangi iliyopakwa mpaka shinani huonyesha pengo baada ya wiki mbili, na macho hulisoma pengo hilo kuwa ni uzembe. Pengo likiwa limekusudiwa tangu siku ya kwanza, ile milimita moja na nusu inayoongezeka hupita bila kutambuliwa. Hapo ndipo nusu-mwezi mtupu wa WekunduDaima unapoushinda mstari wa MsasaLaini, kwa sababu mstari husogea mbele pamoja na ukucha na kuacha rangi ya chini ikiwa imekatika nyuma yake. Anayependa mstari asipake rangi yoyote chini yake, abaki na rangi ya kwanza tu, yaani lile tabaka la msingi linaloonyesha ukucha.

Kuhusu upakaji, futa kucha kwa alkoholi ili mafuta yaondoke, paka rangi ya kwanza, kisha usubiri ikauke kabisa, si kwa kukisia. Bandika shinani vile vibandiko vya mviringo vya kuimarisha matundu ya karatasi; upinde wake unakaribia sana ule unaoutafuta. Paka tabaka mbili nyembamba, na tabaka la pili lipitishe pia kwenye ukingo wa ncha, maana kwa mchapaji hapo ndipo rangi huanza kumenyeka. Bandua kibandiko wakati tabaka la pili bado lina unyevu kidogo. Likikauka, litang'oka na vipande na kuacha ukingo wa msumeno. Palipokosewa pasafishwe kwa brashi nyembamba iliyochovywa kwenye asetoni.

Ukitumia jeli ya kukaushwa kwa taa, isiguse ngozi, kwa kuwa jeli ambayo haijakauka barabara inaweza kusababisha mzio.

NuktaMoja alijibu:

Nawashukuru sana. Nimepaka jana usiku: wekundu usiong'aa, mwezi mdogo wa kubuni, ncha za mviringo. Vibandiko vimenisaidia kuliko nilivyotarajia, isipokuwa kwenye kidole cha mwisho, ambako duara lile ni kubwa mno na mwezi umekula karibu theluthi ya ukucha.

TabakaMbili alijibu:

Kwenye kidole hicho sogeza kibandiko nyuma, sehemu kubwa ikae juu ya ngozi na upinde mdogo tu uingie kwenye ukucha. Ukiona bado ni mkubwa, kiache kidole hicho kipakwe chote.

WekunduDaima alijibu:

Kipakwe chote, dada. Mimi hufanya hivyo kila mara.