Naomba ushauri: kituo kidogo kiwahudumieje wagonjwa wenye ulemavu?

Muuguzi wa Zamu:
Wakuu, salaam. Nimekabidhiwa kusimamia kituo kidogo cha afya. Nimepitia mafaili ya wagonjwa wanaotumia viti mwendo: karibu yote sehemu ya uzito iko wazi, na uchunguzi umeandikwa "akiwa amekaa kitini". Juzi mzee mmoja kiziwi alishinda kwenye benchi mpaka jioni. Kumbe jina lake liliitwa asubuhi, likapitwa. Imeniuma sana. Fedha za ujenzi hatuna. Nianzie wapi?

Mpanda Kiti:
Dada, anzia kitandani. Ukitaja ulemavu watu hukimbilia mteremko wa mlangoni, nao unahitajika kweli, lakini nimeingia vituo vyenye mteremko mzuri nikatoka bila mtu kunigusa mwili. Mimi niliumia uti wa mgongo, sihisi kuanzia kiunoni. Kidonda cha mgandamizo huanzia makalioni na kwenye nyonga, palepale ninapokalia, na kikianza sina habari. Daktari asiponilaza akanigeuza, hajanipima.

Vitanda vingi vya uchunguzi ni virefu mno. Kinachoshuka hadi kama sentimeta 45 nahamia mwenyewe kwa ubao wa kutelezea kutoka kitini. Kama hamna, wekeni kitanda kifupi cha kawaida kilicho imara kwenye chumba kimoja. Na kabla ya kuninyanyua, niulizeni nashikwaje. Ukinivuta kwapani utaniumiza bega, na mabega ndiyo yanayonitembeza.

Uzito ni rahisi: mizani ya jukwaa, mnanipima na kiti, kisha kiti peke yake, mnatoa. Zipo dawa ambazo dozi yake hufuata kilo, sasa mtu anakadiriwaje kwa macho?

Tabibu:
Naunga mkono. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya 2022 inahesabu watu wenye ulemavu bilioni 1.3, na baadhi yao hufariki hadi miaka 20 mapema kuliko wengine. Sehemu ya pengo hilo inatokana na huduma tunazotoa sisi.

Wafundishe wenzako wasisingizie ulemavu kila dalili. Mtu mwenye ulemavu wa akili akianza ghafla kujipiga kichwani au kukataa chakula, tazama jino, sikio, choo kigumu. "Ndivyo alivyo" isiandikwe kabla ya hapo. Na aliyeumia uti wa mgongo juu, usawa wa kifua au shingo, akija na kichwa kinachogonga, jasho na presha iliyopanda ghafla, hiyo ni dharura: mketishe wima, mlegezee nguo, angalia kama mpira wa mkojo umeziba.

Mtoto wa Viziwi:
Kuhusu yule mzee: mfuateni alipo, mguseni bega taratibu, au andikeni namba ubaoni. Msitegemee karatasi tu, wengi hawakupata shule, na lugha ya alama ina sarufi yake. Tafuteni mkalimani, msimtumie mtoto. Mimi nilitafsiri majibu ya vipimo vya mama nikiwa mdogo, na kuna maneno niliyaruka kwa hofu. Mzungumze na mgonjwa mwenyewe, macho kwake, mkalimani awe pembeni.

Muuguzi wa Zamu:
Asanteni mno. Na foleni je? Nikimpa mmoja dakika nyingi wengine watalalamika.

Mpanda Kiti:
Ulizeni wakati wa kupanga miadi: "Unahitaji nini ili tukuhudumie vizuri?" Jibu liandikwe juu ya faili, nisijieleze upya kila nikija. Anayehitaji nafasi mbili apewe mbili tangu mwanzo, foleni haitashtuka. Mwenye usonji mpeni miadi ya kwanza asubuhi, kabla ya kelele.

Muuguzi wa Zamu:
Mizani ya jukwaa ipo stoo, naitoa kesho. Swali hilo nalibandika mapokezi, na kitanda kifupi nitakiombea kwenye kikao. Mwenye uzoefu na wagonjwa wasioona pale dirisha la dawa, tafadhali aongeze.

Tabibu:
Funga rababendi moja kwenye chupa ya dawa ya asubuhi, mbili kwenye ya jioni, naye aipapase mbele yako kabla hajaondoka.